Ombi la Kumpunguzia Mume Wangu Alama za Kurusha Sauti

Garissa,
Alhamisi, 15 Agosti 1996

Kwa Ndugu Mkuu wa Idara ya Uhandisi wa Elektroniki,

...kwa hiyo, Mheshimiwa, kama nilivyoanza kukueleza katika barua ya kwanza kabla karatasi haijaniishia, simlaumu mume wangu Abdirahim hata kidogo. Nawalaumu ninyi. Mlikaa naye miaka saba, mitano ya masomo na miwili ya chuo kufungwa kwa migomo, kisha mkaniletea mhandisi mwenye macho mazuri kuliko yote hapa Garissa. Tuna siku thelathini na sita za ndoa, na bado nikisikia viatu vyake mlangoni namwaga chai. Lakini malalamiko ni malalamiko.

1. Mmemharibia lugha ya mapenzi. Waume wengine hapa humsifu mke kwa kumlinganisha na ngamia mwenye maziwa. Wangu husema mimi ni kipaza sauti cha moyo wake, na kwamba tangu anioe mkondo wake wa umeme haujakatika. Mimi nimeishia kidato cha nne. Ilinichukua siku mbili na kitabu changu cha zamani cha fizikia kujua kwamba nimesifiwa. Nilipojua, nililia kwa furaha mpaka wali ukaungua.

2. Hamkumfundisha kubadilisha stesheni. Siku ya harusi baba yangu, Mzee Duale, alituzawadia redio. Kile kidude cha kutafutia stesheni alikuwa amekigandisha kwa gundi penye habari za Kisomali kutoka London, za saa kumi na moja jioni, kwa maana kwake stesheni nyingine ni kelele. Abdirahim alitaka nimsikie humo redioni akiwa kazini. Mtu wa kawaida angebandua gundi. Yeye alisema mkwe hagusi kilichowekwa na baba wa mkewe, akaunda mtambo mzima wa kurushia sauti, kwa nyaya na betri ya lori, ili ulingane na gundi ya baba. Kumbe redio zote za mtaa wetu zinasimama hapo hapo!

3. Basi Jumatatu wazee wameketi kwenye kibanda cha chai cha Mzee Salah, wanangoja habari, wakasikia: "Ruweyda, macaanto, mtamu wangu, shingo yako inaushinda mlingoti wangu kwa urefu." Mzee Awil akauliza huyo Ruweyda ni waziri wa nchi gani. Mzee Salah akamwambia, "Nyamaza wewe, huenda hayo ndiyo masharti ya amani."

4. Jirani yangu Shamso amegoma kukamua mbuzi mpaka mumewe naye aseme kitu. Mumewe, mchuuzi wa mifugo, alijitahidi. Alimtazama kwa makini akasema, "Meno yako yametimia." Sasa mtaa mzima hauna maziwa.

5. Hili ndilo linaloniliza. Waume walikwenda kushtaki kwa baba yangu, naye amehukumu: sauti ikisikika kuanzia Ijumaa, ananipeleka Bute kwa shangazi Khadijo, nikae huko mpaka mume wangu apate akili. Bute, Mheshimiwa! Siku nzima na zaidi juu ya lori, na mtambo wa Abdirahim haufiki hata nusu ya njia. Nitakonda niishe.

Kwa hiyo naomba mmpunguzie alama. Sisemi mchukue shahada yote, maana nimeitundika juu ya kitanda na inaziba ufa. Ondoeni zile za kurusha sauti tu. Za kupokea mwachieni, ili aweze kunisikiliza. Ikiwa hilo ni gumu, andikeni barua yenye mhuri kwamba alifeli mtihani wa mwisho na mlimpitisha kwa sababu ya macho yake. Baba ataamini. Mimi nilimkubali kwa sababu hiyo hiyo.

Wasalimie walimu wote, wapishi waliomlisha, na mlinzi wa maktaba aliyekuwa akimfukuza jioni. Naiweka kalamu chini kwa heshima, nikiwa na moyo mzito na mume mzuri,

Ruweyda Duale,
mke wa mhandisi.

N.B. Ni Jumamosi, barua bado ninayo. Jana Abdirahim alinyamaza kwa kumheshimu baba. Leo asubuhi baba amekuja na fimbo yake na wazee nyuma yake, nami nikafunga sanduku langu la safari. Kumbe ameleta hukumu nyingine. "Binti, mumeo amekusifu siku nne mbele za watu, na wewe hujajibu hata neno! Ni lini ukoo wetu ulisifiwa ukakaa kimya?" Abdirahim akasema ataniazima mtambo wake. Baba akakataa: sifa hairudishwi kwa mdomo wa kuazima, lazima niunde wangu. Kwa hiyo ichaneni barua hii. Alama zake ziacheni, na mkiweza mwongezeeni. Mimi niwekeeni fomu ya kozi hiyo hiyo; fizikia nilipata D, lakini wakati huo nilikuwa sijapenda. Msihangaike na posta. Baba anataka kukiona chuo kwa macho yake, na kabla mwezi huu haujaisha tutawatembelea, mimi, yeye, na wazee sita.