Feni Yangu Imeshika Namba Moja

Jumatatu, 3 Machi
Nimeanza kozi ya uokoaji pale kwenye bwawa la kuogelea. Masomo yote kwa simu! Atakayeongoza anaajiriwa. Mke wangu kauliza nitaokoaje watu na kuogelea sijui. Nikamwambia ndiyo maana nasoma. Shemeji, kaka yake, naye kajiandikisha. Hana hata haya.

Jumanne, 4 Machi
Simu inaonyesha nani yuko mbele kwa kutazama video. Shemeji! Kila nikipitwa inalia ting, moyo unaruka. Nimeichungulia mezani, chooni, hata mke wangu alipokuwa ananieleza jambo la maana sana. Jambo lenyewe silikumbuki. Video nazo zimepita tu, kichwani hakuna kitu.

Jumatano, 5 Machi
Dawa nimeipata. Kila baada ya muda simu inataka uiguse, ijue bado unatazama. Nimefunga sponji mbichi kwenye feni ile inayogeuka huku na huku. Ikifika kwenye simu, inaigusa. Nimelala mchana kutwa, nimeamka naongoza! Mke wangu anasema kaka yake anashinda bwawani akinywa maji na kukohoa. Nimecheka sana. Maskini, anapoteza muda.

Alhamisi, 6 Machi
Mkufunzi kapiga simu. Hajapata kuona mwanafunzi makini kama mimi. Kesho namba moja ataokoa mtu mbele ya wenzake, kwenye kina kirefu. Nimeuliza kama naweza kujibu maswali tu kwa simu. Kacheka, kadhani natania. Nimerudia masomo tangu mwanzo, lakini kila mara nayaacha nikaangalie kama bado naongoza. Nimejaribu kuzamisha uso kwenye beseni. Nimetoka mbio hadi uani. Naogopa jamani, naogopa kweli.

Ijumaa, 7 Machi
Aibu! Shemeji ndiye aliyepangwa kujifanya anazama. Akapiga mayowe, mimi nikaganda ukingoni. Ting! mfukoni. Nikashtuka, nikatumbukia. Maji puani, masikioni, kila mahali. Nikajua nakufa, na mke wangu hata sikumuaga. Mara mkono ukanikamata kwapani. Aliyekuwa anazama kaniokoa mimi! Simu imebaki chini kwenye maji. Kazi kapewa yeye. Hakunicheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kasema niende Jumatatu anifundishe pale maji yanapoishia kiunoni, bila simu.

Jumamosi, 8 Machi
Nikifumba macho naona maji. Mke wangu kanisihi niende kwa kaka yake, kasema hataki kuwa mjane kwa ajili ya simu. Nimemwahidi nitafikiria. Nimefikiria. Kwenye simu ya mke wangu kuna kozi nzuri mno ya kushinda woga wa maji. Video zake ni nyingi, mtu atazitazama saa ngapi?

Sponji nimeshailowesha.