Mashine ya Kengele Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Hatimaye! Muuzaji wa mashine kuukuu amenipigia simu. Amepata pinboli mbili, mashine za mchezo wa gololi, kutoka ukumbi wa michezo uliofungwa. Za zamani kweli, enzi za swichi na koili za waya. Hazina kompyuta, hazina skrini. Unarusha gololi ya chuma, namba zinazunguka kwenye magurudumu yake, na kila alama inapigiwa kengele. Kengele halisi! Nilisimama wima katikati ya bohari kazini, tairi la mteja mkononi.

Shemeji, kaka wa mke wangu, anazo tatu gerejini kwake. Kila tukienda ananikaribisha kucheza kwa upole wake ule unaoudhi, kisha ananiacha nishinde. Najua ananiacha. Nimemeza mengi.

Chumba ninacho, kile cha chini karibu na sebule. Nimekwisha kukipima. Taabu ni kwamba mke wangu naye amekipima, kwa ajili ya kitanda cha baba yangu. Mzee anatoka hospitali Jumamosi. Kiharusi kimemlegeza upande wa kulia na ulimi umekuwa mzito. Ngazi hawezi. Daktari hakuzungusha maneno: akianguka tena, hatasimama. Asithubutu kuinuka kitandani peke yake.

Nampenda baba yangu. Lakini vyumba vyote hivi, kwa nini kiwe hicho?

Jumatano, 5 Machi

Nimepata dawa. Mzee achukue chumba, mashine ikae nje ya mlango wake, pale penye meza ya chakula. Meza iondoke. Siku hizi nani anakula mezani? Mke wangu akasema yeye anakula mezani.

Nikabadili mbinu. Nikamweleza kwamba yeye atakuwa shuleni akifundisha, na mtu wa kukaa na Mzee mchana kutwa ni lazima apatikane. Mimi nitachukua likizo. Na nikiwa na mashine mlangoni pale, nitang'oka kwenda wapi? Mlinzi wa kudumu! Akasema haya, mradi niape sitamwacha Mzee peke yake. Nikaapa upesi kabla hajageuza nia.

Mkuu wangu wa kazi amenipa likizo bila maswali. Alinishika bega, akasema watoto wa namna yangu wamebaki wachache. Nikainamisha kichwa. Nilikuwa nawaza kama waya utafika ukutani.

Ijumaa, 7 Machi

Ghalani kwa muuzaji, mimi na mke wangu. Mashine ya kwanza ina picha ya mpiga mbizi. Miguu imara, magurudumu yote yanazunguka, kengele moja, tena ya mlio wa chini. Ya pili ina picha ya farasi. Rangi imebanduka, kibao cha kushoto cha kupigia gololi kinakwama, mguu mmoja umepinda. Lakini kengele tatu! Ndogo kwa makumi, ya kati kwa mamia, kubwa kwa maelfu. Muuzaji alirusha gololi moja tu na ghala zima likaitika.

Mke wangu akasema tuchukue mpiga mbizi, nyumbani kutakuwa na mgonjwa. Muuzaji mwenyewe, mtu wa ajabu, akamuunga mkono. Nikawauliza: za shemeji zina kengele ngapi? Moja moja. Basi mjadala uliishia hapo.

Nimechukua farasi.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya shida. Mashine na Mzee vimefika saa ile ile.

Mashine ilikataa kukata kona, ikaziba njia. Ikabidi zing'olewe bawaba za mlango wa chumba cha Mzee ili ipate pa kugeukia. Mlango sasa umeegemezwa uani, na fremu imepasuka kidogo, haiwezi kuushika tena. Mzee akangoja ndani ya gari mpaka jasho likamlowesha shati. Mwishowe shemeji, aliyekuja bila kualikwa, akambeba mgongoni akampitisha dirisha la sebuleni. Mimi nilikuwa nimeshika mashine upande wa kioo. Ningeachia, kioo kingevunjika. Shemeji alinitazama. Nami nikamtazama. Angefanya nini angekuwa mimi?

Mke wangu ametundika pazia mahali pa mlango. Kwa kuwa sauti ya Mzee haifiki mbali, amemwekea pia kengele ndogo ya mkononi kando ya mto. Nimemsifu kwa wazo hilo. Mimi si mtu wa kubana sifa.

Jumatatu, 10 Machi

Raha! Nimeiweka mashine sawa kwa pimamaji na vipande vya mbao. Kibao cha kushoto bado kinakwama, lakini nimeanza kukizoea.

Mzee amepiga kengele yake mara nyingi. Maji. Mto. Dirisha. Kila mara gololi ikiwa mahali pazuri kabisa. Nilikwenda kila alipoita, naliandika hili ijulikane.

Mchana nikalifunga pazia pembeni ili aone. Akatazama wee, kisha akaanza kupiga shuka kwa vidole vya mkono wa kushoto, sambamba na vibao vyangu. Akasema, "Na mimi." Lilitoka kwa taabu, ila nililisikia. Nikamwambia akipona, baba. Kibao cha kushoto ndicho kibovu, na yeye ana mkono wa kushoto tu. Angeaibika bure. Nikalirudisha pazia asijichoshe kwa kutamani.

Jumanne, 11 Machi. Asubuhi

Kasoro! Nilijua mambo hayawezi kuninyookea hivi. Kengele ndogo inalia na alama hazipandi. Ting, ting, ting, magurudumu yamesimama kama mawe! Na mimi nilikuwa naelekea kuvunja rekodi yangu.

Nimefungua kioo. Nimezipitia swichi za makumi moja moja kwa msasa laini. Safi. Nikafunga, nikarusha gololi. Ting, ting! Gololi haijagusa kitu! Nikafungua tena. Nikapiga koili kwa mpini wa bisibisi. Ikanyamaza kidogo, ikaanza upya, sasa kwa fujo. Nikachomoa waya ukutani. Mtu hatasadiki: ikalia hata bila umeme! Mara moja, polepole, kisha kimya. Nadhani ni umeme uliobaki ndani ya koili.

Naandika haya papo hapo ili nimsomee muuzaji kwenye simu neno kwa neno. Ameniuzia ubovu.

Mzee ameangusha kitu chumbani. Naenda kutazama.

Jumatano, 12 Machi

Nyonga imevunjika.

Alitaka kwenda msalani. Alipiga kengele mpaka mkono ukachoka, kisha akajaribu mwenyewe. Nilimkuta sakafuni kati ya kitanda na pazia, amejilowesha, kengele iko chini ya shavu lake. Hakuwa analia. Aligeuza uso ukutani ili nisimwone.

Mke wangu aliniuliza jambo moja tu pale hospitali: sikusikia kengele? Nikasema niliisikia. Sikuweza kusema uongo, niliisikia kila mlio. Nikaanza kumweleza habari za swichi za makumi. Akainuka, akaenda kukaa benchi jingine.

Nililia. Nilijifungia chooni mtu mzima, nikalia mpaka mfagizi akagonga mlango. Mzee alipoamka alinishika kidole kwa mkono wake wa kushoto, akasema nisijali. Heri angenitukana. Nina aibu, nina aibu sana.

Ingawa nikitafakari kwa utulivu, muuzaji alipaswa kunionya kwamba kengele ndogo inafanana mlio na kengele za mkononi. Ni jambo la kitaalamu hilo. Mimi ningejuaje?

Jumapili, 16 Machi

Daktari amesema Mzee hatatembea tena. Mke wangu amesema Mzee harudi kwetu. Shemeji amejitolea gereji yake: mlango mpana, hakuna ngazi, choo kiko ubavuni. Mke wangu atahamia huko amhudumie. Nilimuuliza mpaka lini. Akaendelea kukunja nguo.

Nilikuja juu. Nikasema huyu ni baba yangu, amenizaa mimi, siwezi kukaa pembeni mtu mwingine akinibebea wajibu wangu. Shemeji hakupandisha sauti. Akasema, "Basi njoo ukae naye, shem. Nitakuwekea kitanda pembeni ya chake."

Wote wakanitazama. Mzee pia.

Nikasema nitaangalia. Kuna mambo ya kuweka sawa nyumbani kwanza. Mguu mmoja wa mashine umeanza kulegea.

Jumamosi, 22 Machi

Ushindi! Shemeji amesalimu amri! Ili kumpatia Mzee nafasi ametoa gerejini mashine zake zote. Zote tatu! Na amenipa mimi, bila hata senti, kwa sharti moja: nifike kila jioni kumwona Mzee. Nikakubali pale pale. Eti yeye ndiye mpenzi wa pinboli! Mpenzi gani anaachia kirahisi hivyo?

Wachukuzi walifika mchana. Mbili zimeingia sebuleni. Ya tatu, iliyo kubwa kuliko zote, imeingia chumbani kwa Mzee bila kugusa ukuta, kwa kuwa mlango hakuna. Kule gerejini sikuwahi kuuona uzuri wake. Ni ya wachezaji wanne, kila mmoja na magurudumu yake ya namba! Mchukuzi mmoja akauliza tuko wangapi humu ndani. Nikamwambia tunatosha.

Jioni sikwenda kwa Mzee. Mashine zilikuwa bado hazijawekwa sawa, na ataelewa, si mtu wa makuu. Nitakwenda kesho, au Jumatatu.

Nimecheza zamu zote nne mwenyewe. Wa kwanza nimetoka mimi. Wa pili mimi, wa tatu mimi. Yule wa nne anahitaji mazoezi.