Kitu cha Magamba Kwenye Mufuko wa Mboga

Jamani, leo nimejiaibisha mbele ya avenyu nzima, mtaa wetu wote, hapa Majengo. Nawasimulia mwenyewe kabla majirani hawajaongeza chumvi.

Mnalijua lile shamba la akina mama wakimbizi kule Murara, wale waliofukuzwa Masisi na vita. Sisi wa avenyu yetu tuliwatafutia mbegu na majembe, nao kila mavuno wanatupatia mufuko wa mboga. Mvua imekubali, na asubuhi ya leo mufuko wa kwanza wa msimu huu umefika. Karoti, poaro za majani kama kitunguu, majani ya lengalenga laini kabisa. Nikawa natoa kimoja kimoja juu ya meza.

Chini kabisa mkono ukagusa kitu. Kigumu, cha mviringo, magamba tupu. Umeme ulikuwa umekatika, jikoni giza. Nikachungulia: rangi ya kijani ya kijeshi, na juu kina kijiti kama cha kuvuta.

Katika mji huu tumeambiwa sana: kitu usichokijua, usikiguse. (Mimi nilishakigusa. Nilikibonyeza hata.)

Nikatoka kinyumenyume. Mama Neema, mkimbizi tunayekaa naye kiwanja kimoja, alikuwa anafua.

"Mama Neema, kwenye mufuko kuna grenade. Bomu la mkono."

Aliweka mutoto mgongoni, akavuta godoro, akachukua sufuria, akawa tayari langoni.

Habari ikafika avenyu nzima, watu wakajaa kiwanjani, na jirani yetu Papa Kambale akashika uongozi. "Kila mutu alale chini." Watu wakalala juu ya mawe ya volkano, hata waliotoka misa na nguo zao nzuri.

Hapo ningetulia. Lakini nilitaka kujua. Mbona kilikuwa chepesi? Mbona kilinukia majani? Nikainuka kuelekea dirisha la jikoni.

"Mama Asifiwe, unaenda wapi?"

"Kuangalia kidogo tu, papa."

"Utaangalia ukiwa mbinguni. Rudi."

Nikarudi. Kisha nikaenda tena. (Ndivyo nilivyo.)

Kabla sijafika, mbuzi wa Papa Kambale akanipita, akaingia jikoni kwangu, akatoka na grenade mdomoni. Watu wakafunika vichwa. Mimi nikalala kifudifudi kwenye maji ya kufulia.

Halafu tukasikia: kru, kru, kru.

Papa Kambale akainua kichwa taratibu. "Mama Asifiwe, grenade yako iko inaliwa."

Wa kwanza kucheka alikuwa Mama Neema. Alikaa juu ya godoro lake pale langoni, akacheka mpaka machozi, na sikujua ni machozi ya namna gani. Nikamwomba pardon.

"Hapana, mama," akasema. "Leo ni mara ya kwanza nafunga vitu na kurudi nyumbani siku ile ile."

Nikamsaidia kurudisha godoro. Ndipo akapita Mama Sifa, kiongozi wa shamba, kuuliza kama mboga zimetupendeza. Avenyu nzima ikamweleza kwa pamoja.

"Ile ni artisho, mboga ya Wazungu," akasema. "Tulipewa mbegu, tukapanda tuone. Sisi nasi hatujui inaliwa namna gani. Tukasema tukupatie wewe, maana unapenda kuuliza-uliza."

Basi, msinicheke. Kama kuna anayejua inavyopikwa, aniandikie hapa, maana kwa sasa Majengo yote mwenye habari ni mbuzi peke yake.