Keki ya Lynn na Ini Langu

Jumatatu, 4 Agosti

Wakesho kaficha kopo la sukari tena. Mke wangu mwenyewe! Kasema harusi ya mjukuu wetu Lynn ni Jumamosi, na Alhamisi napimwa sukari kliniki kule Voi. Kipimo kikizidi kumi, Lynn akija kumlisha babu keki mbele ya watu, atanilisha boga. Boga! Nikamwambia heri anizike. Kasema boga kwanza.

Jumatano, 6 Agosti

Nimepata mpango. Sukari hutoka kwa chakula, si ndiyo? Basi sili. Kimanga cha Wakesho, mihogo na maharagwe ya kupondwa, nimewamwagia kuku. Vidonge pia nimeviacha, maana niliambiwa nimeze baada ya chakula, na chakula hakuna. Mimi mtu wa sheria. Jirani Musyimi, mgonjwa mwenzangu, kapita akitafuna mahindi ya kuchoma, akauliza mzee mbona umenyauka hivyo. Kesho atanitambua.

Alhamisi, 7 Agosti

Kumi na nne! Musyimi, aliyeshiba muthokoi wa mahindi na maharagwe jana, saba. Akanipigia makofi, mjinga huyu. Nikamwambia sista Mwende mashine yake mbovu. Akacheka mpaka akaketi. Kasema ini ni ghala: ukila linaweka sukari, ukikaa njaa linaifungulia iingie kwenye damu usianguke. La mtu mzima wa afya hujua kuacha. Langu halisikii, linamwaga tu, na vile vidonge ndivyo vinavyolizuia! Kumbe nimebeba duka tumboni na sijui. Wakesho hakunigombeza. Alininunulia uji wa wimbi, akanisimamia mpaka nikameza kidonge.

Jumamosi, 9 Agosti

Lynn kapiga magoti na sahani. Nikafumba macho, nikangoja boga. Keki! Ndogo kama ukucha, lakini keki. Wakesho ndiye aliyeikata. Akanipangusa mdomo kwa leso yake, akina mama wakapiga vigelegele. Nikamwambia keki yenyewe haina sukari ya kutosha.

Jumapili, 10 Agosti

Nimefikiria wakati wote wa mahubiri kanisani. Ini hutoa sukari likiona njaa. Basi likishiba sana, si litalala? Leo kabla ya kulala: chapati tatu, chai ya sukari, na keki iliyobaki. Kwa ajili ya ini. Nimemweleza Musyimi nyuma ya zizi la mbuzi. Kasema serikali imepoteza daktari hapa.

Amekuja na kikombe chake.