Baraza la Juu la Mratibu Lyamba

Wananchi wa Nsemulwa walitangaziwa kwa kipaza sauti kwamba kuanzia msimu huu hakuna tone la mvua litakaloingia ofisini bila kibali. Ofisi yenyewe ni ya Uratibu wa Ukavu. Juu ina baraza la wazi la kupigia picha wageni. Chini, ukumbi ambamo wenye shida zao walisubiri wakiwa wamefungua miamvuli. Mratibu Mkuu, Stanslaus Lyamba, aliapa kuupigia ukumbi huo dari nyeupe ya jipsamu, kama hoteli.

Fundi Onesphore wa Mishamo aliipa sakafu ya baraza mteremko, akaibandika karatasi ya lami kwa moto, akaziba tundu la kutolea maji, akaimwagia maji na kuyaacha yalale kuona kama itavuja. Chini hapakudondoka kitu. Dari ikapigwa. Mama Specioza, aliyekuwa akifuatilia kiwanja chake miaka na miaka, alisema angalau sasa atasubiri kama binadamu.

Lyamba aliona mradi umekosa kitu kimoja tu: jina lake. Akaagiza kibao cha chuma, na kwa kuwa ukutani kisingeonekana vizuri pichani, akaelekeza kikae sakafuni. Fundi alikuwa ameshaondoka. Mratibu akashika drili mwenyewe, akatoboa sakafu ya baraza kwenye pembe zote nne za kibao, akajipongeza kwa uongozi wa vitendo.

Mvua ya kwanza ikapita humo humo. Dari ikaota kitambi, ikaning'inia, halafu ikashuka yote wakati watu wametoka kunywa chai. Lyamba akaunda kamati ya uchunguzi, akajiteua mwenyekiti.

“Nani alitoboa?” aliuliza akiwa kitini.

Akahamia kwenye benchi la watuhumiwa. “Mimi, mwenyekiti. Ila nilitumwa.”

Akarudi kitini. “Na nani?”

Akainuka tena, akasimama katikati ya ukumbi ulioloa, akajiona alivyo, na kicheko kikamtoka kabla hajakiidhinisha. “Na mimi,” alisema.

Kamati ikaamua meza yake ihamie ukumbini, na wananchi wasubirie ofisini kwake, pakavu. Onesphore alipoitwa alisema lami haishiki kwenye maji. Sakafu ikauke kwanza. Lyamba, beseni la kukingia matone mapajani, akauliza itachukua muda gani.

Mama Specioza alimjibu kupitia mlangoni, akiwa kwenye kiti cha Mratibu, kile cha kuzunguka.

“Mwanangu, hapa hatuulizagi hivyo. Wewe kaa tu, utaitwa.”