Jinsi Elwood Fenstermacher Alivyoitiisha Sufuria ya Presha

Sogeeni, enyi wenye masikio na enyi wenye njaa! Acheni vikombe vyenu vya kahawa vipoe, na aliye na kitu mdomoni atafune kimyakimya, maana leo inasimuliwa habari ya vita vilivyopiganwa juu ya jiko la gesi, katika nyumba ya matofali mekundu kule Pennsylvania, asubuhi ya tarehe mosi Januari, theluji ikiwa imefika magotini. Katika vita hivyo hakufa mtu. Lakini soseji nne zilipasuka, na mzee wa miaka sitini na saba alitokwa na jasho ambalo hata moto wa kweli haukuwahi kumtoa.

Mzee huyo ndiye Elwood Fenstermacher, mwana wa Clayton, jemadari mstaafu wa kikosi cha zimamoto cha kujitolea, Bwana wa Mipira ya Maji, Mtoa-Ndama-Motoni. Jina hilo la mwisho alilipata mwaka lilipoungua zizi la akina Zook, alipoingia peke yake na kutoka na ndama begani, nyusi zake zikabaki humo humo. Naam, shujaa huyo hakuogopa moshi wala paa linaloanguka. Duniani aliogopa kitu kimoja tu, nacho kilikaa katika kabati la jikoni kwake: sufuria ya presha ya mkewe, Verna. Ilikuwa sufuria nzito ya zamani, yenye mfuniko wa kujifunga, na juu ya mfuniko kilikaa kidude cha chuma kinachochezacheza na kupiga kelele mvuke unapojaa. Elwood alipokuwa mtoto, sufuria ya namna hiyo ilirusha supu ya njegere ya shangazi yake hadi darini, na alama ya kijani ikakaa pale juu miaka kumi na minne. Ndiyo maana kila Verna alipoinjika yake, mumewe alikuwa akikumbuka ghafla kwamba ana kazi uani.

Basi ilikuwaje shujaa akaingia vitani na adui wa namna hiyo? Ilikuwa hivi. Katika bonde walimoishi, mwaka haujaanza mpaka mtu ale nyama ya nguruwe na kabichi chachu. Nguruwe huchimba kwa pua akienda mbele, kuku huparua akirudi nyuma, na kwa kuwa mwaka unatakiwa uende mbele, hakuna mwenye akili timamu anayekula kuku siku hiyo. Katika ukoo wa Verna sheria ilikuwa kali zaidi: tonge la kabichi limezwe kabla saa sita mchana haijagonga, na kabla ya tonge hilo, kahawa tupu. Meza ya mlo huo, yaani heshima ya kuuandaa kwa ukoo, nayo haikuwa ya kila mtu. Mama Sadie, mamaye Verna, mwenye miaka tisini na mmoja, alimkabidhi Verna meza hiyo miaka ishirini na minane iliyopita, akamruka binti yake mkubwa, Arlene. Arlene hakusahau. Yeye kabichi yake huiweka katika oveni kwa muda wa saa nane nzima, na sufuria ya mdogo wake huiita mashine ya wavivu.

Siku tatu kabla ya Mwaka Mpya, Verna aliteleza kwenye barafu karibu na sanduku la barua, akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Jioni hiyo hiyo simu ikalia.

"Pole sana, mdogo wangu," Arlene akasema. "Basi mwaka huu Mama atakula kwangu. Na miaka mingine wala usijisumbue."

Verna akakata simu akalia, si kwa maumivu ya mkono. "Ikienda kwa Arlene hairudi tena," akasema. "Unamjua dada."

Elwood aliyaona machozi yale, nayo yakamchoma kuliko moto wowote aliowahi kuuzima. Akainuka kitini, magoti yakilia ko, ko, akaweka mkono kifuani, akanena:

"Verna binti Sadie! Maadamu mikono hii miwili ingali mizima, meza hii haihami! Nitapika mimi!"

"Wewe? Wewe ukichemsha yai unaliunguza."

"Yai nililidharau, mke wangu. Kabichi sitaidharau."

Verna akacheka huku bado analia, akampigia dada yake na kumwambia waje kama kawaida.

Ikafika siku yenyewe. Saa tano kamili majeshi yalikuwa yamepangwa mezani: kabichi chachu kutoka gudulia la kule chini ya nyumba, soseji nene za nguruwe zilizokaushwa kwa moshi, matofaa mawili, kitunguu, na mbegu za kisibiti. Viazi Elwood alikwisha kuvimenya na kuvichemsha, na Verna alikuwa akiviponda kwa mkono wa kushoto. Kisha shujaa akatoweka kidogo, na aliporudi alikuwa amevaa koti lake la zimamoto, glavu nene, na kofia ya chuma yenye kioo cha kufunika uso.

Verna akaacha kuponda. "Unakwenda kupika au kuzima?"

"Vyote viwili, kadiri hali itakavyodai."

Akamimina kabichi, akalaza soseji juu yake, akazungusha mfuniko mpaka ukakamata, akawasha moto, kisha akarudi kinyumenyume hadi nyuma ya friji. Akangoja. Mvuke ukaanza kutoka pembeni pote, fss, fss, kioo cha kofia kikaingia ukungu, lakini kidude cha juu hakikutikisika. Dakika tano zikapita, kisha kumi. Elwood akadhani adui anajikusanyia nguvu, akaamua kumkabili kwa maneno.

"Ewe tumbo la chuma! Ewe uliyenitisha tangu utotoni! Ukitaka kulipuka, lipuka sasa, tupo wanaume hapa!"

"Elwood, unaongea na nani?"

"Na adui!"

"Basi muulize adui mbona hapigi kelele. Robo saa sasa."

Verna akasogea, akainusa hewa, akatazama dirishani, akajishika kiuno kwa mkono wake mzima. Pembeni ya pazia, kwenye msumari, ulining'inia mpira wa mfuniko, ule wa kijivu wa mviringo unaoziba mvuke, ambao kila baada ya kuosha yeye huutundika ukauke.

"Mpira umevaliwa?" akauliza.

"Nimevaa kila kitu!"

"Si wewe, mwanamume! Sufuria!"

Loo! Jemadari alikuwa amepeleka jeshi vitani bila ngao. Akazima moto, akafungua mfuniko huku kichwa amekigeuzia ukutani, akakuta kabichi imekaribia kukauka. Verna akaiongezea kikombe kizima cha maji chachu ya gudulia lile la kabichi. Mpira ukapachikwa mahali pake, mfuniko ukafungwa, moto ukawashwa upya, na saa ya ukutani ikaonyesha saa tano na dakika thelathini na mbili. Elwood aliitazama saa hiyo na, kwa mara ya kwanza, akaogopa kitu kingine kuliko sufuria.

Hata ilipofika dakika ya arobaini, kidude kikatetemeka. Kikainuka, kikaanguka, kikaanza kucheza: chaka, chaka, chakachaka! Elwood akaruka mbele ya mkewe, akatandaza mikono.

"Rudi nyuma, Verna! Nimekula chumvi nyingi, wewe jiokoe!"

"Ndivyo inavyotakiwa! Punguza moto!"

"Nani, mimi?"

"Mimi mkono ninao?"

Hapo, wasikilizaji, ndipo mashujaa hupimwa. Kutoka friji hadi jiko ni hatua tatu. Hatua ya kwanza Elwood aliipiga kwa ajili ya heshima yake, na ya pili kwa ajili ya yale machozi ya mkewe. Ya tatu hakujua aliipigaje, ila mkono wenye glavu ulifika, ukakishika kitufe cha jiko, ukakizungusha kidogo. Kelele zikashuka, zikatulia, zikawa mdundo mmoja mzuri wa taratibu. Sufuria ilikuwa imemtii! Elwood akapiga ukelele wa furaha, akamkamata Verna kiuno, wakacheza katikati ya jikoni kwa mdundo ule ule wa kidude, yeye na kofia yake ya chuma, mke na bandeji yake ya plasta, wakicheka mpaka wakaishiwa pumzi.

Dakika kumi zilipotimia Verna akazima gesi. "Sasa tunaiacha ishuke yenyewe. Robo saa."

Elwood akatazama saa. Zilibaki dakika nane.

"Huwa naiweka chini ya bomba la maji baridi," Verna akasema. "Lakini sinki umeliziba na maganda ya viazi, Elwood. Litazame. Limejaa mpaka juu."

Nje, gari la Arlene likakata kona. Elwood akalisikia. Akaligeukia dirisha, akaiona theluji imelala uani, nyeupe, nyingi, haina kazi. Akaishika sufuria kwa masikio yake mawili, yeye ambaye kwa miaka sitini hakusogelea sufuria ya namna hiyo, akaupiga mlango teke.

Gari liliendeshwa na Leroy, mume wa Arlene. Mama Sadie alikaa mbele, na Arlene nyuma, amepakata bakuli kubwa la oveni lililofungwa mataulo. Akafungua mlango wa gari kabla halijasimama.

"Shemeji! Nyumba inaungua?"

"Haiungui, shemeji! Inaiva!"

Akaididimiza sufuria katika rundo la theluji. Theluji ikalia shhhh, mvuke ukapanda hadi kwenye bati, naye akaikumbia theluji zaidi kwa mikono yote miwili. Mama Sadie akashusha kioo.

"Leroy, huyo anazika nini?"

"Chakula, Mama."

"Basi afukue. Zimebaki dakika nne."

Kidude kikatoa pumzi ya mwisho kikanyamaza. Elwood akaibeba sufuria ndani akikimbia, mfuniko ukafunguliwa, na harufu ya moshi, tofaa na kabichi ikaijaza nyumba mpaka Leroy akafumba macho. Arlene akachungulia.

"Soseji nne zimepasuka."

"Hizo ndizo tamu," Verna akajibu.

"Mimi nimekuja na yangu, Mama. Iko hapo mlangoni, ikihitajika."

Mama Sadie hakuvua hata koti. Akaketi, akachukua uma, akatia mdomoni soseji iliyopasuka na kabichi yake, akatafuna. Alitafuna bila haraka, kwa meno yasiyokuwa yake, na watu wanne wakasimama wakimtazama shingo. Akameza. Saa ikaanza kugonga sita.

Sasa fahamuni kwamba katika ukoo ule chakula hakisifiwi. Neno kubwa kuliko yote ni moja tu, nalo Verna alilisikia mara mbili katika miaka ishirini na minane, na Arlene hajalisikia.

"Inalika," akasema Mama Sadie. Akafuta mdomo. "Mwakani nileteni hapa hapa. Arlene, vua koti ukae, na hiyo yako mwambie Leroy airudishe garini."

Verna akakipandisha kioo cha ile kofia ya chuma, akambusu mumewe mbele ya watu, jambo lisilofanywa katika nyumba zile. Arlene akamaliza sahani ya kwanza, akapakua tena. Katikati ya sahani ya pili akainama kwa shemeji yake, akauliza kwa sauti ya chini, "Hivi hii unaiweka dakika ngapi?"

"Kumi," akasema Elwood, na hakuongeza hotuba.

"Umesikia Mama alivyosema?" Verna akamwambia. "Mwakani hapa hapa. Na kasema hivyo kwa mapishi yako. Basi mwakani unapika wewe, na mwaka wa pili yake, na kuendelea."

Na iandikwe basi, wajue watakaozaliwa: kwamba siku ile, muda mfupi baada ya saa sita mchana, Elwood mwana wa Clayton, Mtoa-Ndama-Motoni, Mtiisha-Mvuke, alitawazwa mpishi wa Mwaka Mpya wa ukoo mzima hadi mwisho wa maisha yake, wala hakukataa, kwa kuwa mdomo wake ulikuwa umejaa kabichi.