Saa Kubwa, Saa Ndogo na Duka la Pili

Jumatatu, 6 Mei

Siku mbaya. Ilianza vizuri, ndiyo maana imeuma zaidi.

Bosi katuita asubuhi kabla hatujafungua. Anafungua duka la pili la mapazia upande wa pili wa mji, na msimamizi wake atamchagua kabla ya mwisho wa wiki ijayo. Atamtoa kati yetu wauzaji. Wauzaji tuko wawili: mimi na Pasi. Tunamwita Pasi kwa sababu shati lake halijawahi kuonekana na mkunjo, hata akitoka kubeba majora ya vitambaa. Mimi nimemtangulia kazini. Nimemfundisha hata kutofautisha pazia zito na shela, lile jepesi la kupitisha mwanga. Kwa haki kabisa duka lile ni langu. Nimempigia mke wangu kumwambia aanze kuniita Meneja ili nizoee. Amesema ataanza siku nitakapokumbuka kununua gesi.

Halafu Pasi akanyoosha mkono kuchukua ngazi, nikaiona. Saa mpya. Ndogo! Nyembamba, ya mraba, kama kifungo cha koti. Bosi naye akaiona. Akamshika mkono, akaigeuza kwenye mwanga, akasema imetulia. Hajawahi kunitamkia neno hilo kwa kitu chochote.

Nikatazama ya kwangu. Nilipoinunua, kila mwanamume aliyejiheshimu alitembea na saa pana kama kisosi. Ukivaa ndogo, watu walidhani umeazima kwa dada yako. Sasa mambo yamegeuka na hakuna aliyenipa taarifa. Mchana mteja aliyekuja kutafuta pazia la bafuni ameniuliza kama saa hii huwa naitundika ukutani nikifika nyumbani. Baadaye imenasa kwenye shela la dirisha la mbele na kuvuta uzi mrefu. Pasi kaukata kwa mkasi, taratibu, huku Bosi akiangalia. Ana kusudi yule.

Lakini nimeshaelewa mchezo. Sisi wa mapazia tunauza kwa mkono. Mteja anatazama mkono, Bosi anatazama mkono. Mwenye mkono wa kisasa ndiye atakayepewa funguo.

Jumanne, 7 Mei

Mpango wa kwanza: saa ya mke wangu. Ndogo, nyeupe, haina maua wala nakshi. Yeye ni muuguzi, anaitumia kuhesabia mapigo ya moyo ya wagonjwa, ila leo alikuwa mapumzikoni. Nimeiazima wakati anafua. Kuazima bila kusema bado ni kuazima.

Imefunga kwenye tundu la mwisho. Nikajipongeza. Kufika dukani vidole vimekufa ganzi. Kabla ya chakula cha mchana mkono umevimba na ile kufuli ya mkanda haifunguki kwa heri wala kwa shari. Nimemhudumia bibi mmoja kwa mkono mmoja, na mwingine nimeuficha nyuma kama askari. Bibi akanipa pole, akauliza kama niligongwa na gari. Ikabidi nijifungie chooni na sabuni ya kuoshea vyombo. Saa imetoka, pamoja na ngozi kidogo.

Nyumbani nimeirudisha kwenye droo kimya kimya. Mke wangu akainusa. Akataka kujua kwa nini saa yake inanukia ndimu na vidole vyangu vina rangi ya biringanya. Nikasema ni uchovu. Amenipima mapigo, akaniambia sina ugonjwa anaoujua, kisha akampigia dada yake. Wamecheka kupita kiasi.

Alhamisi, 9 Mei

Ushindi! Nitaueleza kwa utaratibu.

Baba mkwe ana saa ndogo ya rangi ya dhahabu, aliyopewa kazini alipostaafu. Ni ya zamani, na vya zamani ndivyo vya sasa. Baada ya kazi nikamwendea. Nikampa shikamoo yangu iliyokamilika, nikakaa ukingoni mwa kochi kama inavyompasa mkwe. Nikaisifia saa yake. Nikaisifia tena. Akaniuliza kama nina haraka ya kuondoka, maana anaona naangalia sana saa.

Nilikuwa karibu kukata tamaa aliponishika mkono. Akautazama uso wa saa yangu. Bila miwani! Akasoma wakati kwa sauti, akasoma na tarehe, kisha akanitazama mimi kana kwamba ndiyo kwanza namwoa binti yake. Akasema yake hiyo ameacha kuisoma siku nyingi, anaivaa tu kwa mazoea, na wakati anaujua kwa redio ya jirani.

Nikavua. Akavua. Tukabadilishana. Nimeondoka kabla chai haijachemka, nisije nikampa nafasi ya kubadili mawazo. Mke wangu ameuliza nimempa nini baba yake, mbona kapiga simu akiwa na furaha hivyo. Nikamwambia nimempa heshima.

Jumamosi, 11 Mei

Mkanda wa saa ya baba mkwe umepasuka nyufa kama kisigino. Huwezi kuusogeza karibu na kitambaa cha watu. Nikaenda kwa fundi viatu anikatie mwingine wa ngozi.

Fundi akataka kunipima. Kunipima mimi! Mimi ambaye nimepima madirisha ya nusu ya mji huu! Nikavua futi yangu shingoni, nikajizungushia mkononi, nikamtajia kipimo. Akauliza kama mkanda ni wa mkono au wa paja. Nikamwambia afanye kazi yake, aniachie yangu. Akainua mabega, akakata.

Nimeuchukua jioni umefungwa kwenye gazeti. Sijaufungua hapo hapo. Nilitaka kufurahi nikiwa peke yangu.

Jumatatu, 13 Mei

Mkanda unazunguka mkono mara mbili.

Nimekaa kitandani nikitafuta kosa la fundi, sikulipata. Kosa ni la mazoea. Dirisha likiwa na upana fulani, muuza mapazia hutaja mara mbili yake, ili kitambaa kipate marinda. Pazia lisilo na marinda si pazia, ni shuka. Ndivyo nilivyofundishwa, ndivyo nilivyomfundisha Pasi. Na Jumamosi, bila kufikiri, nimeupimia mkono wangu marinda. Nikaongeza na pindo juu na chini.

Hakuna wa kumwambia. Nikaivaa hivyo hivyo, raundi mbili, na kipande kilichobaki nimekichomeka chini ya mkono wa shati. Bosi aliponiona akaniuliza nimeumia wapi, akidhani ni bendeji. Nikacheka kama mtu anayejua asichokijua mwenziwe, nikasema huu ndio mtindo, mkanda wa kuzungusha, bado haujafika huku. Mwanzoni sikuamini maneno yangu mwenyewe. Kufikia saa tisa nilikuwa nayaamini.

Na kabla ya kufunga duka, Pasi kanisogelea karibu na majora, akauliza kwa sauti ya chini ni fundi gani kanitengenezea. Nimemwelekeza! Nimekuwa mkarimu. Hata mke wangu ameshangaa nilivyoosha vyombo nikiimba.

Jumanne, 14 Mei

Pasi kaja na mkanda wa raundi mbili. Umemkaa.

Bosi kasema sasa hivyo ndivyo unavyotakiwa kuwa. Kanitazama na mimi akisema hivyo, kunipa mfano. Mtindo wangu mimi! Mwizi mkubwa. Sijala mchana.

Nimeapa mambo mawili. La kwanza, sitamwonyesha yule mtu fundi tena maishani. La pili, sitazidisha kipimo chochote mara mbili. Kuzidisha kumeniaibisha vya kutosha.

Alhamisi, 16 Mei

Leo ndiyo leo. Mwenye nyumba ya wageni iliyo mkabala na kituo cha mafuta anataka mapazia ya ukumbi mzima. Kazi kubwa kuliko zote mwaka huu. Bosi kanituma mimi nikapime, peke yangu. Kasema wazi: kazi hii ikienda vizuri, la duka la pili halitakuwa na mjadala. Nimepiga mswaki mara ya pili kabla ya kutoka.

Mwenye nyumba ya wageni kanipokea mlangoni, kanipa mkono, nikaona. Saa! Kubwa! Kubwa kuliko ile niliyompa baba mkwe, nyeusi, na vitufe pembeni kama redio. Nikamuuliza kwa adabu kama ni ya zamani. Akasema kainunua juzi, sasa hivi watu wote wenye nazo wamerudi kwenye kubwa, hizi ndogo ni za wanaochelewa kusikia.

Nimepima madirisha yote bila kuyaona. Nilikuwa naona saa tu. Nimepima kwa uaminifu hata hivyo, kipimo kilekile cha dirisha, bila kuongeza, kama nilivyoapa. Dukani fundi cherehani wetu kauliza kama marinda yamo. Nikamjibu kila kitu kimo, akate tu, mimi nina safari.

Safari yenyewe ni kwa baba mkwe. Nimemkuta barazani, mkono kauweka juu ya goti ili saa ionekane. Kila jirani anayepita anatajiwa wakati, atake asitake. Nimejikohoza. Nimeanza kusema kwamba vitu vya kubadilishana wakati mwingine hubadilishwa tena. Hakusubiri nimalize.

"Nina wakwe watatu," akasema. "Wote wananiuliza hali. Ni wewe tu uliyeyafikiria macho yangu."

Nimekunywa chai vikombe viwili, nimeaga, nimerudi nyumbani na saa ndogo. Njiani nimejisikia mtu mwema, jambo ambalo halinisaidii chochote Jumamosi, siku ya kutundika mapazia.

Jumamosi, 18 Mei

Sitaki kuandika. Naandika.

Tumekwenda wote kutundika: Bosi, fundi cherehani, Pasi na mimi. Mwenye nyumba ya wageni alikuwa ameita na jamaa zake waje kuona. Tukaingiza pete, tukapanda ngazi, nikavuta la kwanza. Likanyooka kama ngozi ya ngoma. Hakuna mkunjo hata mmoja. La pili vivyo hivyo. Ukumbi ukawa kama uwanja ulioanikwa shuka za hospitali. Kwenye lile dirisha kubwa la katikati, pande mbili hazikukutana kabisa, maana pindo la katikati limekula kitambaa. Jua likaingia pale katikati na kuniangukia mimi usoni.

Mwenye nyumba ya wageni akakuna shingo. Bosi akauliza nani aliyepima, na aliuliza akiwa ananitazama. Nikaanza kueleza kuhusu mkanda wa saa. Akaniinulia kiganja ninyamaze.

Pasi akavua saa yake, akaitia mfukoni, akapanda ngazi. Kwanza akamuuliza mwenye nyumba ya wageni anapenda mwanga au kivuli. Swali hilo hakuna aliyekuwa amemuuliza. Mwenyewe akasema anapenda mwanga asubuhi. Basi Pasi akapendekeza haya mapazia yaliyoshonwa yaunganishwe mawili mawili kwa kila dirisha la pembeni, yapate marinda, na madirisha ya mbele yashonewe shela jepesi. Hakuna kitambaa kitakachotupwa. Fundi cherehani akasema inawezekana. Mwenye nyumba ya wageni akasema hivyo ndivyo alivyokuwa anataka tangu mwanzo, ila hakupewa nafasi ya kusema.

Bosi kampa Pasi duka la pili pale pale, chini ya ngazi, mbele za watu. Mimi nilikuwa nimeshikilia ngazi yenyewe. Nimempongeza.

Nimelia kidogo bafuni, bomba likiwa wazi. Nililitaka lile duka kweli. Nilishawaza hata rangi ya mlango.

Jumapili, 19 Mei

Mke wangu kanisubiri hadi nikaamka. Hakucheka. Kaniletea chai kitandani, kakaa pembeni, kaniomba nimsimulie yote tangu Jumatatu ile ya kwanza. Nimesimulia: kisosi, sabuni, baba yake, mkanda, kiapo, yule mwenye saa ya vitufe. Kwenye sabuni aligeuza uso akauma mdomo, lakini alijikaza. Kisha akanishika mkono.

"Mume wangu," akasema, "hakuna mtu hata mmoja aliyeutazama mkono wako. Walikuwa wanatazama dirisha."

Yameniingia. Asubuhi nzima nimezunguka nayo nyumba nzima, jikoni, uani, mpaka kwenye kamba ya nguo. Ana akili sana mke wangu, watu hawajui tu. Hakuna mtu aliyeutazama mkono wangu. Mkono gani? Wa kushoto! Miaka yote hii saa naivaa kushoto, na watu nawasalimia kwa kulia. Bosi, wateja, mwenye nyumba ya wageni, wote nimewapa mkono mtupu! Iwe kubwa, iwe ndogo, wangeionaje?

Nimeihamishia kulia sasa hivi. Inabana kidogo nikiandika, si neno. Pasi atapita dukani kesho kuchukua funguo zake mpya. Nitampa mkono wa pongezi, na sitauachia haraka.